Binti Ringi Jikoni kwa Mzee wa Ubao

Simu iliyolia haikuwa ya Shiru.

Ililia juu ya kabati la vyombo, kando ya chupa ya chai, sekunde moja tu baada ya Shiru kutuma jibu lake. Aliinua shingo akachungulia. Kioo kilikuwa kimewaka na maneno yalikuwa pale, wazi kama mchana: Binti Ringi amejibu maoni yako.

Binti Ringi ni Shiru mwenyewe.

Na simu ilikuwa ya mama yake Kipkemoi.

Kwa wewe uliyekuwa shambani Jumamosi iliyopita ukalikosa gazeti, mambo yako hivi. Shiru ni msichana wa Mai Mahiu, anauza tairi za malori na babake pale kando ya barabara kuu. Amekuja Subukia kwa mara ya kwanza kuonekana na wazazi wa Kipkemoi, kijana anayetaka kumwoa. Juma zima alikuwa amejitayarisha kwa maswali. Wewe Mkikuyu utazoea vipi watu wetu? Unajua kukamua? Unasali kanisa gani? Majibu alikuwa nayo yote, ameyapanga kama tairi dukani. Hakuna aliyemwambia ajitayarishe kwa mpira wa vikapu.

Maana Shiru ana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao unaitwa Chui wa Lanet, timu ya wanawake ya huko Nakuru. Mechi asizoweza kuhudhuria huzifuata kwa simu, ndani ya grupu ya mashabiki kwenye Facebook, ambako watu elfu tatu hujificha nyuma ya majina ya bandia na kutukanana kwa mapenzi. Kwa misimu miwili mizima adui yake mkubwa humo alikuwa mtu aliyejiita Mzee wa Ubao. Kila mtu aliamini ni mwalimu fulani mstaafu wa Nakuru mjini, mwenye kipara na redio ya betri. Ugomvi wao ulikuwa hasa juu ya Sitati, mchezaji wa Chui ambaye Mzee alimtetea na Shiru alimlaumu kwa kutotoa pasi. Shiru alikuwa amemwita Mzee kisukuku, mfupa wa kale uliogeuka jiwe. Siku moja alimwandikia kwamba mpira awaachie wenye macho, yeye aende akakamue ng'ombe.

Sasa mlango wa nyuma ulifunguka, na Mzee wa Ubao akaingia. Alivaa aproni ya maua na gambuti, na mkononi alikuwa na mkebe wa maziwa.

Shiru aliisukumiza simu yake ndani ya mkoba kama aliyeshika kaa la moto.

Mama Kipkemoi alinawa mikono, akajifuta, akavaa miwani, akachukua simu kabatini. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Shiru alijua kila neno lililokuwa likisomwa, kwa kuwa lilikuwa bado na joto la vidole vyake. Alikuwa ameandika: "Mzee, huyo Sitati wako anapiga chenga mpaka anajipita mwenyewe. Leo tukipoteza, mje nyote wawili mtuombe msamaha kwa magoti, kama hayo yako bado yanakunjika."

Mama alicheka kwa pua.

"Kuna mtoto mmoja hapa ndani," alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Huyu hakulelewa. Huyu aliokotwa."

Shiru alijibu kwamba mitandao imeharibu watu siku hizi. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi wa kushonea.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Kipkemoi alikuwa amekaa na siri hiyo kwa muda mrefu bila mtu wa kumwambia, na sasa amempata mgeni mwenye masikio mawili na pa kwenda hana. Alivuta kigoda, akamwaga yote. Alieleza jinsi alivyopasuliwa goti akalala kitandani miezi minne, na dunia nzima ikawa dari na picha ya kalenda. Binti wa jirani akamwonyesha mechi ya Chui kwenye simu, ili tu apitishe wakati. Kufikia alipoweza kusimama, alikuwa anajua faulo zote kwa majina. Aliingia grupu kwa jina la kiume kwa sababu aliona mwanamke akiandika kuhusu mchezo anaulizwa kama chapati zimeiva. Mumewe hakujua lolote. Mzee alidhani hiyo grupu ni ya ushirika wa maziwa.

"Wewe ni msichana wa kisasa," Mama alimaliza, macho yake juu ya miwani. "Hebu niambie ukweli. Msichana kama huyu Binti Ringi, kuna mtu anaweza kumwoa?"

Shiru aliuvuta mkoba wake karibu. "Labda akirekebishwa, Mama."

"Huyo harekebishiki," Mama alisema, akaenda kuwasha jiko.

Shiru alimkuta Kipkemoi nyuma ya tangi la maji, akamsimulia kwa pumzi moja. Kipkemoi alicheka mpaka akalishika tangi asianguke. Kisha kicheko kikamkauka. Alikumbuka kwamba katika boma lile Mzee Kiprotich, babake, husema neno la kwanza, lakini la mwisho ni la Mama. Alikumbuka pia kwamba msichana aliyeletwa na kakake mkubwa alirudishwa kwao kwa kosa la kumwaga mursik nyuma ya kochi akidhani hakuna anayemwona. Huyo alimwaga maziwa tu. Huyu wake alikuwa amemwita Mama kisukuku mbele ya watu elfu tatu.

"Futa hiyo akaunti, Shiru. Saa hii."

"Nimekuwa nayo miaka minne. Ni kama uniambie nikate ulimi."

"Basi kata ulimi. Ama niende nikamwambie mathe mwenyewe?"

Shiru akafungua simu. Aliulizwa kama ana uhakika. Kidole gumba kilining'inia juu ya kioo, na kabla hakijatua, Mama aliita kutoka sebuleni.

Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi na simu ya Mama ilikuwa imebaki na chaji ya asilimia mbili. Mechi ingeanza saa tisa. Haikuwa mechi ya mchezo: Chui walikuwa wanakutana na Radi ya Kitale, na atakayeshindwa angeshuka ligi. Mama alisimama mlangoni akiona haya, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani wasiyesalimiana. Aliuliza kama simu ya Shiru ina chaji, na kama yeye Mama anaweza kuingia grupu humo kwa jina lake la Mzee wa Ubao, kwa dakika chache tu.

Shiru aligeuka kana kwamba anatafuta mwanga dirishani, akamtoa Binti Ringi kwenye simu kwa kasi ambayo hata Sitati hana, akaikabidhi.

Ungedhani amepona. Hata yeye alidhani hivyo.

Waliketi kochini, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Kipkemoi alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mzee Kiprotich aliamka kutoka usingizi wa mchana, akawaona wanawake wawili wameinamia simu kwa nyuso za mazishi, akauliza kama bei ya maziwa imeteremka. Mama alimjibu kwamba hapana, inaelekea kupanda, ila lazima waifuate kwa makini, kwa hiyo leo yeye ndiye atakayekamua. Mzee alifurahi. Alichukua ndoo akaenda zizini akipiga mluzi.

Matangazo yalikuwa ya shabiki mmoja aliyeshika simu kwa mkono unaotetemeka. Nusu ya kioo ilikuwa kofia ya mtu aliyeketi mbele yake. Hata hivyo mpira ulionekana, na ringi ilionekana, na chini yake maoni yalimiminika kama maji ya mfereji. Robo ya kwanza Chui walikuwa nyuma kwa pointi tisa. Robo ya pili saba. Sitati, mchezaji mfupi mwenye jezi namba sita, alizunguka na mpira kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba, na Shiru aliuma ulimi kweli kweli mpaka akaonja chumvi ya damu.

Mama aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti kila alichoandika. Wenzake wakamjibu. Mmoja akauliza Binti Ringi yuko wapi leo, au ameogopa. Mwingine akasema amehamia Kitale. Kadiri mechi ilivyosonga, Shiru aliona jambo ambalo hakulitarajia: macho ya Mama yalikuwa yanauacha mpira na kushuka kwenye maoni, yanatafuta, yanarudi juu.

"Bado hajajibu," Mama alisema polepole. "Si kawaida yake. Sijui kama ni mgonjwa."

Shiru akajifanya kukohoa.

Robo ya nne. Dakika mbili zimebaki, Chui wako nyuma kwa pointi tatu. Sitati akachukua mpira. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Chini ya ringi wenzake wawili walikuwa peke yao, mikono juu, kama wanaosimamisha gari. Sitati hakuwaona. Akazunguka tena, na tena, na mpira ukamponyoka ukatoka nje.

Shiru alijikuta amesimama juu ya mkeka.

"Pasi! Si atoe pasi! Huyu anapiga chenga mpaka anajipita mwenyewe!"

Kwenye simu watu elfu moja walikuwa wanapiga kelele.

Mama Kipkemoi hakugeuza kichwa. Alivua miwani, akaikunja mguu mmoja, kisha mwingine.

"Hebu sema tena," alisema.

"Nini, Mama?"

"Hayo uliyosema."

Shiru alimtazama Kipkemoi. Kipkemoi alikuwa anahesabu mbao za dari. Basi Shiru akaona afadhali neno limtoke kwa mdomo wake kuliko livutwe.

"Binti Ringi ni mimi, Mama."

Kule zizini ng'ombe alilia, labda kwa kutoizoea mikono ya Mzee Kiprotich. Mama alikuwa bado anaitazama simu.

"Uliniambia nikakamue ng'ombe."

"Nilisema, Mama."

"Na nilikuwa nakamua wakati nilikuwa naisoma."

Mama alikunja kidole kimoja, kama anayehesabu makosa.

"Ukaniita kisukuku. Ilibidi niulize katekista kisukuku ni nini. Alinieleza mbele ya kwaya."

Shiru aliinama achukue mkoba wake. Alianza kusema pole, kwamba hakujua, kwamba asingethubutu kumwandikia mzazi maneno kama hayo, kwamba ataondoka kabla giza halijaingia na Kipkemoi asilaumiwe kwa lolote. Mama aliinua mkono mmoja, kama refa anavyosimamisha mchezo.

"Mwezi wa tano ulipotea wiki tatu," alisema.

Shiru akasimama na mkoba mkononi.

"Niliandika mle ndani, anayemjua Binti Ringi aseme kama yuko mzima. Hakuna aliyejua. Nikaanza kusikiliza matangazo ya vifo kwa redio kila jioni, na jina lako sikuwa nalo. Nilikuwa nasikiliza tu, nikisema labda nitajua."

"Nilikuwa namzika shosho, nyanya yangu," Shiru alisema. "Niliona ulichoandika. Nilidhani unanikejeli."

"Nilikuwa nakutafuta." Mama sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Uliporudi ulinisalimia vipi? Unakumbuka?"

Shiru alikumbuka. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. "Nilisema, Mzee bado uko, nilidhani mchwa wamekumaliza."

"Nililia siku hiyo. Kwa furaha. Mzee wangu akadhani maziwa yetu yamerudishwa na kiwanda."

Fikiria: miaka miwili amekuwa akizungumza na mwanamke huyu kila wikendi, asubuhi na mchana, zaidi kuliko anavyozungumza na shangazi zake mwenyewe. Anajua anavyokasirika. Anajua anavyokubali makosa bila kutaja neno kosa. Asichojua ni sura tu, na sasa sura hii hapa mbele yake, ina mikunjo ya jua na harufu ya maziwa.

Mama alikipigapiga kiti cha kochi kwa kiganja.

"Keti. Kuna dakika moja na nusu. Kesi yako tutaisikiliza baadaye."

Shiru akaketi. Bega likagusana na bega.

Chui wakapata pointi mbili. Radi wakakosa. Sekunde kumi na moja, nyuma kwa pointi moja, mpira wa Chui, Sitati anaupokea, na picha ikaganda.

Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Mama alishika mkono wa Shiru akaubana kama anayesubiri sindano. Maoni peke yake ndiyo yaliyokuwa yanapita. Mmoja aliandika kwisha sisi. Wa pili akaandika Mungu yupo. Wa tatu aliandika jina la Sitati mara sita bila kueleza kama ni baraka au laana. Mama akauliza wa pili huyo anamshabikia nani, na Shiru akamjibu kwamba huyo husema Mungu yupo hata timu ikifungwa. Mama akakubali kwamba ni kweli, huyo hategemeki.

Picha iliporudi, wachezaji wa Chui walikuwa wamelala uwanjani mmoja juu ya mwingine kama magunia ya mahindi, na aliyeshika simu alikuwa analia waziwazi. Wameshinda kwa pointi moja. Wamebaki kwenye ligi. Ilichukua muda kujua ilivyotokea: Sitati aliwavuta walinzi watatu, wakamzunguka wote, na katika sekunde ya mwisho akamtupia mpira msichana mrefu aliyetoka benchi. Huyo akautia kikapuni kama anayeweka kikombe kabatini.

Mama na Shiru walikumbatiana kabla hawajajua wanakumbatiana. Walipoachana, kila mmoja alijipangusa nguo.

"Alitoa pasi," Mama alisema.

"Alitoa."

"Sasa nani alikuwa na haki, mimi ama wewe?"

Shiru alifikiri. "Aliyewavuta watatu ni yeye, Mama. Na aliyetoa pasi pia ni yeye."

Mama alijifuta mikono kwa aproni.

"Hapo umejibu kama mtu anayetaka kuolewa," alisema.

Akasimama, goti likilalamika, akamwambia Kipkemoi aende amkamate yule jogoo mwekundu, kwa maana mgeni huyu hatarudi Mai Mahiu na chai tupu tumboni. Katika boma lile hilo lilikuwa jibu kamili. Wengine walikuwa wamepewa kuku wa kawaida. Jogoo mwekundu hakuwa amewahi kutajwa kwa ajili ya mgeni yeyote. Shiru alihisi mabega yake yakishuka, mzigo aliokuwa ameubeba tangu asubuhi ukaanguka mkekani. Alitamani kumwandikia mtu habari hiyo, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Mzee wa Ubao.

Kwenye simu, shabiki yule alikuwa amempata Sitati kando ya uwanja. Mama aliinyoshea simu mkono aizime. Aliunyosha upesi mno.

Shiru akamwomba aiache, kwamba leo hata yeye yuko tayari kumsikiliza Sitati.

Sitati alikuwa akihema, jasho likimtiririka, akijifuta uso kwa ncha ya jezi. Aliulizwa ushindi huu anamtunukia nani. Alitabasamu, akaitazama kamera moja kwa moja, kama anayetazama ndani ya nyumba ya mtu.

"Kuna mtu Subukia," alisema. "Aliniambia nikiibakisha timu kwa ligi, nirudi tuongee mambo ya ndoa. Kipkemoi, nimeibakisha. Jumamosi nakuja kwenu."

Maoni yakalipuka mioyo mitupu. Mashabiki elfu moja waliuliza kwa pamoja Kipkemoi ni nani.

Shiru aligeukia mlango. Hapakuwa na mguu ndani wala nje.

Mama Kipkemoi aliketi tena, polepole, akaichukua simu kutoka kwenye bakuli la sukari na kuilaza mezani kifudifudi.

"Binti Ringi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo kwa mdomo. "Kuna jambo kuhusu huyu Sitati ambalo sikuwahi kuliandika kwa grupu."

Nje, pikipiki ya Kipkemoi ikanguruma. Na jogoo hajawahi kukamatwa kwa pikipiki.